Huyu Mtoto Alikuwa Amesimama Wapi?

Nimestaafu mapema kidogo kwa sababu macho yangu yalistaafu kabla yangu. Nyinyi mliobaki kwenye meza za kusahihisha mliniomba niandike niliyojifunza kuhusu kupima aya za wanafunzi. Mliniomba kwenye sherehe ya kuniaga, mkiwa mmeshiba, kwa hiyo huenda mmesahau. Mimi sikusahau. Sitaeleza nilipandishwa daraja lini wala mshahara wangu ulikuwa kiasi gani. Daraja lilichelewa, na mshahara mnaujua, ni ule ule wenu. Nitaeleza kazi.

Nilianza kufundisha Kitui, bila cheti cha ualimu. Wakati ule kijana aliyemaliza kidato cha nne aliweza kupewa chaki Ijumaa na kuambiwa aanze Jumatatu. Mwalimu mkuu alinionyesha darasa la saba, akanipa rundo la insha alizoacha mtangulizi wangu, akasema, "Wewe tia vema tu. Wazazi wanapenda kuona vema." Niliketi na rundo lile na kalamu nyekundu, na nikagundua kwamba sijui vema inatiwa kwa sababu gani. Nilijua insha mbaya nikiiona, kama vile mtu anavyojua uji umeungua. Sababu ndiyo sikuwa nayo.

Nikaanza kujifundisha. Nilinunua sokoni kitabu cha sarufi kilichokosa jalada na kurasa za mwanzo, na hadi leo sijui nani alinifundisha sarufi. Kila nilipokutana na aya iliyonipendeza, gazetini, kwenye kalenda ya kanisa, hata kwenye karatasi ya kufungia sukari, niliinakili kwa mkono, nipate kujua inapumulia wapi. Vitabu vyote vilikubaliana jambo moja: aya ina wazo kuu, ina maelezo ya wazo hilo, na ina mwisho. Nikazipima aya za watoto kwa kanuni hiyo kama fundi cherehani na utepe wake. Shida ilikuwa moja. Insha zilizokufa zilipita kipimo vizuri sana. Maiti hujipimisha suti bila kutikisika.

Mwaka nilioitwa mara ya kwanza kusahihisha mtihani wa majaribio wa pamoja, ndipo nilipokutana na jogoo. Nyinyi mnamjua. "Majogoo yaliwika kokoriko! Jua lilichomoza mashariki mfano wa yai la kuchemsha. Nilirauka kitandani, nikaoga, nikapiga meno mswaki." Kabla ya chai ya saa nne jogoo huyo alikuwa amewika kwenye rundo la kila shule. Aliwika kwenye insha ya harusi, akawika kwenye insha ya wizi wa benki. Mtoto mmoja aliandika kuhusu ajali iliyotokea usiku wa manane na bado akampitisha jogoo kwanza, kwa heshima. Tulikuwa tunampa alama. Mwongozo ulisema tutuze mapambo ya lugha, na jogoo alikuwa pambo.

Kiongozi wa meza yetu alikuwa Bi. Syombua, mama mrefu aliyekuja na mto wake wa kukalia kwa sababu, alivyosema, viti vya shule vilitengenezwa na mtu aliyewachukia walimu. Alinikuta nikiwa nimekwama kwenye karatasi ya mvulana aliyefukuzwa na mbwa.

"Soma kwa sauti," akaniambia.

Nikasoma: "Nilitimua mbio huku nimeshika kiuno, huku nikipanda mti, huku nikimtazama mbwa usoni, huku nikipunga mikono kuomba msaada."

"Simama."

"Nisimame, Madam?"

"Simama uifanye hiyo aya. Kiuno kwanza."

Nilishika kiuno. Nikakimbia nusu duara. Nikatafuta mkono wa kupandia mti na mkono wa kupunga, na mikono ikaniishia. Meza nzima ilicheka hadi chai ikamwagika kwenye mwongozo. Bi. Syombua hakucheka. Alingoja nimalize kuning'inia, kisha akauliza, "Huyu mtoto alikuwa amesimama wapi?"

"Hakuna mahali," nikasema.

"Basi mpe alama za mtu ambaye hakuwepo."

Akanipa karatasi nyingine, ya msichana aliyeandika kwa mwandiko uliolala kama nyasi. "Nyanya alinipa mwiko. Mikono yangu ilikuwa midogo, kwa hiyo aliweka mikono yake juu ya yangu, tukasonga pamoja. Ugali ulipokuwa mzito nilimsikia akipumua sikioni mwangu." Nikasimama. Mwili wangu ulijua la kufanya bila kuuliza. Mwalimu mmoja wa makamo akatazama dirishani kwa muda.

"Huyo alikuwepo," akasema Bi. Syombua, akaendelea na chai yake.

Nataka hapa mnielewe vizuri, maana wako waliodhani kwamba Bi. Syombua alikuwa anatafuta ukweli. La. Hatupimi ukweli, sisi si mahakama. Mtoto anaruhusiwa kubuni. Akiandika kwamba alisafiri mwezini, mpe, mradi nione amekanyaga wapi na vumbi la huko liliingia kwenye kiatu gani. Tunapima kama mwandishi alikuwepo, hata kama alikuwepo kichwani tu. Aya ni mahali. Mwandishi akihama, aya nayo ihame. Hilo silo lililokuwa kwenye kitabu changu kisicho na jalada, lakini ndilo lililonisaidia kwa miaka yote iliyofuata.

Tangu siku hiyo niliigiza aya. Niliigiza nikiwa peke yangu staff room, na mwalimu wa zamu akafunga mlango taratibu akidhani naomba. Mke wangu alizoea kunikuta sebuleni nikichota maji kwenye kisima kisichokuwepo. "Huyo amepata ngapi?" aliuliza akipita na sufuria.

Mengine niliyojifunza ni madogo. Kalamu nyekundu ifungwe uzi shingoni, la sivyo itatembea. Funika kwa kiganja alama ya aliyesahihisha kabla yako. Soma aya nzima kabla ya kupiga mstari chini ya chochote, maana ukishapiga mstari wa kwanza unakuwa polisi na huwezi tena kuwa msomaji. Usisahihishe insha za maelezo baada ya kushiba muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, mchana. Kila mtoto ataonekana mvivu, kumbe ni wewe.

Kesi ngumu zilikuwepo. Kulikuwa na mvulana aliyeanza aya mpya baada ya kila sentensi kwa sababu aliambiwa aya nyingi ni alama nyingi. Insha yake ilisomeka kama mtu anayepanda ngazi akiwa na kwikwi. Na kulikuwa na msichana aliyeandika insha nzima katika aya moja, kurasa mbili bila kupumua, akieleza alivyokimbia kumwita mkunga. Mwongozo ulisema apunguziwe. Nilisimama nikakimbia kama yule msichana kuzunguka darasa, na kila nilipotafuta mahali ambapo angeweza kusimama, mtoto alikuwa anazaliwa. Tulibishana hadi chai ikapoa. Mimi nilisema aya moja ilimtosha, na bado nasema hivyo.

Baadaye nilihamia Makueni, nikawa kiongozi wa meza. Tulisahihishia katika ukumbi wa shule moja karibu na Emali, ambapo malori yakipita barabara ya Mombasa vioo hutikisika na unajua bila saa kwamba bado hujachelewa chakula. Huko ndiko lilikotokea jambo ninalotaka mlibebe kuliko mengine yote. Ni miaka michache iliyopita, darasa la nane likiwa bado lipo.

Mkuu wa usahihishaji alikuwa Bwana Mutisya. Alivaa suti na tai katika joto la Emali, na hatukuwahi kumwona akifuta jasho. Nadhani jasho lilimwogopa. Msimfikirie vibaya. Aliuchukia udanganyifu kwa sababu nzuri: kila alama ya wizi humshusha mtoto fulani asiyeiba. Alikuwa amewahi kunasa shule zilizokaririsha watoto insha ya mwalimu, na hakuwahi kukosea.

Mezani kwangu alikuwepo Mwalimu Ndunge, mama mcheshi kutoka Makindu. Asubuhi ile alianza kucheka. Alicheka akifuta macho kwa leso, akaweka alama, akachukua karatasi iliyofuata. Akacheka tena. Ya tatu alianza kucheka, kisha akanyamaza katikati, kama redio iliyokatikiwa umeme.

"Mwalimu Kimeu," akaninong'oneza, "hii nimeshaisoma."

Lilikuwa rundo la shule moja ndogo upande wa Tawa. Swali lilikuwa siku ya mshangao. Darasa zima lilikuwa limeandika siku moja, na siku yenyewe ilikuwa hivi.

Shule ilifanya siku ya maombi ya watahiniwa, kama shule zetu zote zinavyofanya. Wazazi walikaa chini ya hema la kukodi, kwaya ya kina mama ikaimba, kalamu na rula za watahiniwa zikawekwa kwenye karai mezani mbele ya mchungaji ziombewe. Watu wote wakafumba macho. Mchungaji akaomba kwa nguvu: "Shuka, Bwana! Shuka leo hii uwaguse watoto hawa!" Na juu kukasikika ta-ta-ta-ta. Mchungaji akaongeza sauti. Mama mmoja wa nyuma akalia, "Aiyaa, ametusikia!" Na helikopta ikashuka kwenye uwanja wa mpira.

Hema lilijaa upepo. Mwalimu mkuu akashika mlingoti, hema likainuka, naye akainuka nalo, akaenda hewani hatua kadhaa, akishuka na kupanda kama mtu anayevuka mto kwa kamba. Kalamu zilizoombewa nusu zikaruka kutoka kwenye karai. Mfuniko wa sufuria ya muthokoi ukabingirika hadi langoni. Mtu mwenye suti akatoka kwenye helikopta, akamwendea mpishi, ambaye ndiye peke yake aliyekuwa ameruhusiwa kuacha macho wazi kwa sababu ya moto, akauliza, "Harambee ni hapa?"

"Harambee ni ng'ambo ya mto," akasema mpishi, akimwonyesha kwa mwiko.

Yule mtu akashukuru, akapanda, helikopta ikaondoka, vumbi likaja mara ya pili. Na mchungaji, ambaye hakuwa amefumbua macho tangu mwanzo, akasema, "Amina."

Nilisoma karatasi mbili nikiwa nimeshika meza. Ya tatu nilitoka nje nikacheke. Niliporudi, Bwana Mutisya alikuwa amesimama mezani petu na rundo lote mkononi, na hakuna aliyekuwa akicheka tena.

"Darasa zima," akasema. "Hema, mwalimu mkuu hewani, mfuniko, amina. Mpangilio ule ule. Nani anafundisha Kiswahili pale?"

Alikuwa Mwalimu Mwende, binti aliyeajiriwa na kamati ya wazazi, na siku hiyo alikuwa chumba cha pili akisahihisha sayansi. Aliitwa. Aliingia na wino mwekundu kwenye nyusi, akaona rundo, akalitambua.

"Uliwakaririsha insha hii?" Bwana Mutisya akamuuliza.

"Hapana, mwalimu. Hiyo siku ilitokea. Uliza mtu yeyote Tawa."

"Kutokea sikatai. Siku ilitokea, mwalimu akaiandika vizuri, akaibandika ukutani, watoto wakaikariri. Ndivyo inavyofanywa. Mimi siulizi siku ni ya nani. Nauliza aya ni za nani."

"Ni zao."

"Na wewe uliona helikopta?"

Mwende akatazama chini. "Mimi sikuiona. Nilikuwa nimefumba macho."

Ndunge alitoa sauti kama birika, akaifanya kikohozi.

"Kwa hiyo nitazifuta," akasema Bwana Mutisya. "Darasa zima sufuri kwenye insha, na jina la shule litasomwa mbele ya walimu wakuu."

"Mwalimu, wazazi ndio walionipa kazi," Mwende akasema. "Wakisikia nimefundisha watoto wao wizi, Ijumaa niko nyumbani. Na mimi ni sawa, nitatafuta kwingine. Lakini wale watoto hawajawahi kuandika kitu kwa furaha hivyo. Wakipata sufuri kwa hii, watarudi kwa jogoo, na hawatatoka huko tena."

Nikasimama. Nilimwambia Bwana Mutisya kwamba jogoo amewika kwenye karatasi za shule zote tangu Jumatatu, neno kwa neno, na hakuna aliyemshuku.

"Jogoo ni pambo," akasema.

"Jogoo ni nakala, Bwana Mutisya. Tumeizoea tu. Hawa wametuletea kitu kimoja kwa maneno tofauti, na hao ndio tunaowaita wezi."

"Tofauti iko wapi?"

"Tupe nafasi tuwasimamishe."

Alijua tabia yangu ya kuigiza, ilikuwa imesemwasemwa. Alitazama saa. Akatazama Mwende. "Mpaka chakula," akasema. "Na nitashika kila karatasi mwenyewe."

Tulisukuma meza kando. Katikati tulichora uwanja kwa chaki. Benchi likawa jiko, kona ya kabati ikawa choo, meza ya Bwana Mutisya yenye kitambaa cha kijani ikawa meza ya mchungaji. Ndunge alishika ufagio akawa mwalimu mkuu na mlingoti wake. Mwalimu mmoja mnene wa jiografia, ambaye nyumbani ni mzee wa kanisa, akakubali kuwa mchungaji na akaanza kuomba kwa dhati zaidi ya ilivyohitajika. Mwende tulimweka pale alipokuwa siku ile, mbele upande wa kulia, tukamwambia afumbe macho na asiseme neno. Kila msahihishaji alipewa karatasi moja na kazi moja: asome, aende asimame pale mtoto alipokuwa, na aseme anachoona.

"Shuka, Bwana!" akapaza mchungaji wa jiografia. Ndunge akaruka na ufagio.

Mwenye karatasi ya kwanza alikuwa kando ya jiko. Akasoma: "Niliona hema likija. Nilifikiri limekuja kula."

Wa pili alijibanza nyuma ya kabati. "Nilikuwa msalani. Mlango ulifunguka wenyewe, nikaona miguu ya mwalimu mkuu ikipita hewani, kisha mlango ukajifunga wenyewe. Sikujua kama nitoke au nitubu."

"Upande gani ilipita?" Bwana Mutisya akauliza.

"Kutoka kushoto kwenda kulia."

Wa jikoni akasema kwake ilipita kutoka kulia kwenda kushoto. Bwana Mutisya akainua kalamu kama mwindaji. Kisha akatembea hadi jikoni, akatembea hadi chooni, akageuka kila mahali. Jiko na choo vilitazamana. Akashusha kalamu.

Wa tatu alikuwa ameketi nyuma ya mama mkubwa wa kwaya. "Upepo sikuupata hata kidogo. Niliona tu watu wote wengine wakilala upande mmoja kama mahindi." Wa nne: "Nilifumbua jicho moja, lile ambalo mama hakuwa upande wake." Wa tano alikuwa mtoro juu ya paa la darasa la tano, na ni yeye peke yake katika darasa zima aliyetaja rangi ya upara wa mgeni.

Ukumbi ulikuwa umechanganyikiwa kwa furaha. Walimu wa sayansi waliacha kazi yao wakajaa mlangoni. Mpishi wa pale Emali alikuja kuuliza kama tunakula au hatuli, akaambiwa asimame pale na mwiko, akawa mpishi. "Harambee ni ng'ambo ya mto!" alijibu kwa sauti ya mtu aliyesubiri maisha yake yote aulizwe. Tulifanya helikopta mara tatu. Kila mara tulikuta watoto wawili wasiokubaliana, na kila mara tulipowasimamisha mahali pao, wote wawili walikuwa sahihi. Mwende alisimama katikati yetu akiwa amefumba macho, machozi yakimtoka, na siwezi kuwaambia yalikuwa ya aina gani.

Kisha ikabaki karatasi moja. Bwana Mutisya aliisoma kimya, akaisoma tena.

"Huyu hayumo," akasema. "Hana helikopta. Hana hema. Hana hata uso wa mtu. Ana viatu tu. Sikilizeni: 'Viatu vya mchungaji vilisimama kwa vidole. Viatu vya mwalimu mkuu viliondoka chini, vikarudi, vikaondoka.' Kurasa nzima. Huyu hakuwepo. Aliambiwa na wenzake, akakariri vipande. Na kama mmoja alikariri, nitajuaje wengine?"

Nilijaribu kuwa yule mtoto jikoni, nikajaribu nyuma ya kwaya. Kila mahali palikuwa na nyuso. Mwende alikuwa amefumbua macho na alinitazama kama mtu anayetazama daktari akirudia kipimo.

Bwana Mutisya alizunguka uwanja wote akiwa na karatasi ile. Alijaribu kuchuchumaa. Aliona magoti, si viatu. Akasimama mbele ya meza ya mchungaji, yaani meza yake mwenyewe. Akatazama kitambaa kilivyoning'inia karibu kugusa sakafu. Kisha akavuta suruali juu kidogo pale magotini, kama wanavyofanya watu wenye suti, akapiga magoti, akainua kitambaa na kuingia chini ya meza. Kitambaa kikashuka nyuma yake. Tulibaki tukitazama visigino vya viatu vyake vilivyong'aa, navyo pia vikavutwa ndani.

Lori likapita, vioo vikatikisika.

"Mchungaji," ikasema sauti ya Bwana Mutisya kutoka chini, "simama kwa vidole."

Mwalimu wa jiografia akasimama kwa vidole.

"Ndunge, ruka."

Ndunge akaruka na ufagio.

"Tena."

Akaruka tena.

"Madam Mwende."

"Naam, mwalimu."

"Helikopta iliposhuka, ulifanya nini na viatu vyako?"

Mwende akashika shavu. "Ai! Nilitaka kukimbia. Nilivua kimoja. Cha pili kikakataa kutoka."

"Ulimwambia nani?"

"Ningemwambia nani, mwalimu? Ni aibu. Nilijua watu wote wamefumba macho."

"Ulivua cha mguu gani?"

"Wa kushoto."

Halafu chini ya meza tulisikia karatasi ikifunuliwa, na sauti ya Bwana Mutisya ikisoma polepole, kama mtu anayesoma kwa mara ya kwanza: "'Viatu vya mwalimu wetu wa Kiswahili vilikuwa viwili, kisha kikawa kimoja, cha kulia. Kiatu hicho kilirukaruka peke yake. Nilikihurumia, kwa sababu mimi pia niliogopa, na mimi pia sikujua niende wapi.'"

Kitambaa kikatikisika kidogo. Ilianza kama kikohozi, ikawa mluzi wa pua, na mwishowe, kwa mara ya kwanza tangu tumjue, tukamsikia Bwana Mutisya akicheka, kicheko chembamba cha mtoto aliyebanwa kanisani, kikigonga meza kutoka chini.

Mkono wake ukatokea chini ya kitambaa, kiganja juu, ukifumba na kufumbua.

"Kalamu nyekundu," akasema. "Na mniletee na zile zingine. Sitoki huku mpaka nizimalize."

Nilimpa kalamu yangu pamoja na uzi wake. Ndunge alisukuma rundo lote chini ya kitambaa kama mtu anayelisha kuku. Mpishi akatangaza kwamba muthokoi unapoa, hakuna aliyekwenda. Karatasi ya kwanza ilipotoka ilikuwa ile ya viatu, na alama yake ilikuwa thelathini na tisa kati ya arobaini. Mwende aliiokota, akaiangalia, akaketi pale pale sakafuni katikati ya uwanja wa chaki, akavua viatu vyote viwili.